Mtoto Angojewe Afikiri

Kizazi chetu cha walimu kiliingia kazini kwa haraka. Novemba 1974, mjini Musoma, Tanzania, chama cha TANU kiliazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangiwa 1989, ipatikane ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha vijijini, wakisaidiwa na wakufunzi, vipindi vya redio na masomo kwa njia ya posta. Tukaitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na wapo wanaolitamka jina hilo kwa dharau hadi leo. Mimi nalibeba kwa heshima. Ilipofika 1980, shule za msingi zilikuwa na watoto zaidi ya milioni tatu, na katika ukoo wa wengi wao hakukuwa na mtu aliyewahi kushika chaki.

Tulifundisha kwa kuitikiana. Mwalimu anatamka, darasa zima linapokea. Vitabu vilikuwa vichache na watoto wamejaa hadi dirishani, na njia hiyo iliwafanya wengi walijue jedwali la kuzidisha mpaka uzeeni. Lakini sauti ya darasa zima humficha asiyeelewa. Anafungua kinywa pamoja na wenzake, na mwalimu anaondoka akiamini somo limeingia.

Walimu vijana wa leo huambiwa kwenye semina kwamba mbinu shirikishi ni jambo jipya. Si jipya. Mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ijenge akili ya kudadisi na mtoto anayejiamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Kwamsisi wilayani Handeni, shule ilijaribu kuyafanya maisha ya kijiji kuwa ndiyo masomo yenyewe. Nchi haikukosa wazo. Lililotushinda mahali pengi ni kulifikisha wazo hilo kwenye mazungumzo ya mwalimu na mtoto. Shamba la shule lililimwa, mahindi yakavunwa, lakini mara nyingi hakuna aliyemuuliza mtoto kwa nini mstari huu umestawi na ule umedumaa. Kazi ya mikono ilifanyika, na kichwa kikaachwa kipumzike.

Nayasema haya kwa sababu naona hatari ileile ikirudi kwa sura nyingine. Mtaala wa 2005 ulielekeza ufundishaji kwenye ujenzi wa umahiri, na semina nyingi zikafuata. Leo madawati yamepangwa kwa vikundi, kuta zimebandikwa chati, darasa linaitwa darasa linaloongea. Ni mambo mazuri. Lakini ukiketi nyuma ukasikiliza, unaweza kukuta katibu wa kikundi ananakili sentensi ya kitabu huku wenzake watano wakimtazama. Kikundi kisicho na swali la kweli ni mpangilio wa viti tu.

Swali la kweli halihitaji gharama. Wape watoto wa darasa la tatu visoda 12, uwaambie wavigawe katika mafungu yaliyo sawa, kila mmoja kwa namna yake. Watakuja na mafungu mawili, matatu, manne, sita. Atatokea mmoja aliyefanya matano, amebakiwa na visoda viwili mkononi. Hapo ndipo somo lilipo. Usimwambie amekosa. Muulize, “Umejuaje?” kisha nyamaza. Wenzake watabishana kuhusu viwili vilivyobaki, na baki la kugawanya litakuwa limezaliwa mbele ya macho yao.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mada zinamsubiri mwalimu, watoto ni tisini, na mtihani wa darasa la saba mara nyingi haumuulizi mtoto amejuaje, kwa sehemu kubwa unamtaka achague herufi. Basi mwalimu huchukua jibu kutoka kwa wale watano wanaoinua mkono kila siku, anasonga mbele. Hata katika darasa la tisini inawezekana kila mtoto amweleze jirani yake wa dawati kabla mkono wowote haujainuliwa. Dakika mbili zinatosha, na tisini wote wamefikiri. Ila fimbo isiwe mezani. Mtoto anayejua kwamba jibu baya litamletea kiboko hujifunza jambo moja tu, kukaa kimya.

Walimu vijana, mmesoma kuliko sisi, na vitabu mnavyo kuliko tulivyokuwa navyo. Msikubali kupimwa kwa chati zilizobandikwa na maandalio ya somo yaliyojazwa vizuri. Nanyi wathibiti ubora na walimu wakuu, kabla ya kufungua faili, sikilizeni kwanza: nani anauliza humu ndani, nani anajibu, na jibu baya linapokelewaje? Mwalimu anayewangoja watoto wafikiri akichelewa mada mbili, mlindeni. Anafanya kazi ambayo taifa hili limeitaka tangu 1967.