Kompyuta ya Laki Nane na Risiti Niliyoiacha

Leo naomba niziweke kando siasa za majukwaani, nieleze habari ya kompyuta. Sitakwenda mbali sana na siasa, kama utakavyoona.

Mwaka jana kaka yangu, mkulima wa kahawa kule Litembo, wilayani Mbinga, alinitumia shilingi 800,000. Zilitoka katika malipo ya kahawa yake, nazo zilikuwa za kutimiza ahadi aliyompa mwanawe kwamba akimaliza kidato cha sita atanunuliwa kompyuta. Kijana alitaka kompyuta ya gemu. Kaka hakulipenda neno hilo, maana kwake gemu ni jina jingine la uvivu. Nakiri kwamba hata mimi, pamoja na shahada yangu ya uzamivu, nilimuunga mkono kwenye simu kwa muda wa robo saa nzima. Kisha kijana akanitumia orodha yake ya vifaa, nami nikanyamaza.

Nilitarajia aanze na majina ya gemu. Yeye alianza na pawasaplai. “Baba mdogo,” aliandika, “tukianza na kadi ya michoro tutakosea.” Alichagua Dell OptiPlex 7010 ya umbo la mnara, kompyuta ya ofisini iliyotoka mwaka 2012, ambayo wenye fedha wamekwisha kuiondoa mezani na sisi tunainunua kama mtumba. Ndani yake mna prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu na pawasaplai ya wati 275, isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi ya michoro. Kwa hiyo kadi ilipaswa kuwa ile inayotosheka na wati 75 zinazopita katika ubao mama wenyewe. Akachagua GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4, iliyoingia sokoni mwaka 2016. RAM alitaka vipande viwili vya gigabaiti 4, si kimoja cha 8, kwa kuwa prosesa hiyo husoma kwa njia mbili kwa pamoja, na kipande kimoja huiacha njia moja bila kazi. Alijua pia kwamba Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi hicho. Hilo alilipokea kama mkulima anavyopokea ukubwa wa shamba alilorithi.

Hesabu yake ilikuwa hivi: mashine 300,000, kadi 260,000, skrini ya mtumba 130,000, diski ndogo ya SSD 70,000, RAM 40,000. Haikubaki hata senti. Sanduku la vioo lenye taa za rangi, ambalo mimi ndiye niliyelipendekeza, alilikataa kwa sentensi moja: taa haziongezi kasi.

Nimekaa katika vikao vingi vya bajeti ambavyo havikuifikia nidhamu hii. Katika kimoja tulipitisha ununuzi wa projekta, na baadaye ndipo tukagundua kwamba chumba chenyewe hakina soketi inayofanya kazi. Mwenye fedha za kubahatisha hujifunza polepole, kwa sababu akikosea ataomba fungu jingine. Kijana wa Litembo hakuwa na fungu jingine. Msimu mmoja wa kahawa ulikuwa umekwisha kugawanywa hadi senti ya mwisho.

Nikaenda Kariakoo. Mashine, skrini, diski na RAM nilivipata bila taabu. Kadi niliikuta katika duka dogo, ndani ya boksi jipya linalong’aa. Muuzaji akataja bei mbili: 300,000 ukitaka risiti, 260,000 ukiiacha. Mimi, niliyewahi kuandika hapa hapa nikiwakemea wanaokwepa kodi, nilitazama orodha ya kijana, nikaiacha risiti. Sikuomba kadi ijaribiwe. Naliona haya kuonekana sijui.

Mzigo ulipofika Litembo, kijana hakuhitaji hata kuichomeka. Alinitumia picha mbili. Ya kwanza ilionyesha tundu la VGA nyuma ya kadi. GTX 1050 Ti halisi haina tundu hilo, maana chipu yake haitoi tena mawimbi ya analojia. Ya pili ilionyesha soketi ya pini sita ya kulishia umeme, ile ile ambayo pawasaplai yetu haina waya wake. Fundi wa Mbinga mjini aliiweka katika mashine yenye pawasaplai kubwa, akafungua programu ya GPU-Z, na onyo likatokea. Ilikuwa chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011, iliyobadilishwa maelezo yake ya ndani ili ijitaje kwa jina lisilo lake.

Kaka alinipigia jioni hiyo. Hakufoka. “Mdogo wangu,” alisema, “sisi kahawa mbivu tunaitumbukiza majini kabla ya kuimenya. Inayoelea tunaitenga. Wewe uliitumbukiza wapi?”

Sheria zipo. Tuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na ipo Tume ya Ushindani yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Tunazoea kusema kwamba mnyonge hajui haki zake. Hapa mnyonge alijua kila kitu, hadi idadi ya pini. Aliyeikata njia ya kudai haki ni msomi aliyetumwa dukani, kwa kupokea punguzo la shilingi 40,000 ambalo sehemu yake ilikuwa kodi ya watoto wa shule kama yule yule kijana. Nilipomrudia muuzaji, aliniuliza kwa upole kama nina risiti.

Kadi ya pili niliinunua kwa mshahara wangu, katika duka jingine, baada ya kuiona ikifanya kazi mezani kwa nusu saa. Risiti yake ninayo. Kompyuta inafanya kazi. Nilipokwenda Litembo mwezi Desemba nilimkuta kaka ameketi nyuma ya mwanawe, akimwelekeza ampasie winga wa kushoto.

Kuhusu ile ya kwanza, kaka anajua kwamba ilikuwa bandia. Aliponiuliza kwa nini sikuirudisha, nilimwambia kwamba duka limehama. Kaka hasomi maandiko yangu. Mwanawe huyasoma yote.