Seva za Zamani: Zisonge Mbele kwa Njia Gani?

Leo naweka hifadhidata kando, maana kuna jambo linanikera kila kampuni ya gemu inapotangaza kwamba inafungua "seva ya zamani". Kwa wasiofuatilia mambo haya: hiyo ni seva inayoendesha toleo la miaka ya nyuma la gemu ya mtandaoni, zile gemu za kujenga mhusika na kuishi naye miaka mingi, kwa ajili ya watu waliochukizwa na toleo jipya. Kuifungua kuna kazi yake, sikatai. Lakini swali gumu huja baadaye. Ikishafunguka, iende wapi?

Jibu langu nalitoa kwa RuneScape. Nilianza kuicheza mwaka 2006 katika saiba moja pale Nakuru, shilingi moja kwa dakika, na sikuwa na gemu nyingine ya kuchagua. World of Warcraft ilitaka CD kadhaa, kadi ya benki na karibu dola 15 kila mwezi. RuneScape ilifunguka ndani ya kivinjari kwa Java, kwa hiyo mwenye saiba hakuwa na la kukukataza. Halafu kuna jambo nililokuja kulielewa nilipoanza kuandika programu: seva yake huhesabu matukio yote kwa mapigo ya sekunde 0.6. Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, data yetu ilipanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, ikashuka, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Ni zaidi ya nusu sekunde. Gemu za kufyatuliana risasi zilikuwa mateso matupu. RuneScape ilikungoja.

Novemba 2012 kampuni ya Jagex ilibadilisha mfumo mzima wa kupigana, na watu wakahama kwa wingi. Februari 2013 ikawauliza wachezaji kwa kura kama irudishe nakala ya akiba ya Agosti 2007. Zilipigwa kura zaidi ya 440,000, na mwezi huo huo Old School RuneScape ikafunguliwa.

Sasa hebu fikiria wangekuwa na mpango wa kufuata kalenda, yaani kuachilia kila sasisho la zamani kwa mpangilio wake. Desemba 2007, miezi minne tu baada ya nakala ile, mapigano huru ya Wilderness yaliondolewa, na Januari 2008 biashara huru kati ya wachezaji ikawekewa mipaka. Watu waliolilia 2007 wangerudishwa hadi mlangoni pa shimo lile lile. Sisi waandika programu tuna neno kwa walichokifanya badala yake: walichipua tawi. Walirudi nyuma hadi mahali ambapo wengi walikubaliana kwamba mambo yalikuwa mazuri, wakaanza kuandika upya kutoka pale.

Blizzard ilichukua njia ya kalenda. World of Warcraft Classic, iliyofunguliwa Agosti 2019, ilitumia data ya toleo la 1.12 la mwaka 2006 ikiendeshwa juu ya programu ya kisasa. Kama kazi ya uhandisi naivulia kofia. Mapango yakafunguliwa kwa awamu, moja baada ya jingine, ili tuonje tena mwendo wa zamani. Kumbe mwendo haukuwa kwenye data. Mwaka 2005 Ragnaros aliuawa kwa mara ya kwanza miezi mitano hivi baada ya gemu kutoka. Mwaka 2019 hakumaliza wiki. Wachezaji walijua kila kitu tayari, na kutojua hakuna seva inayoweza kukurudisha.

Kalenda ikaendelea tu. Mwaka 2021 Burning Crusade, 2022 Wrath of the Lich King, na Mei 2024 Cataclysm, sasisho lile lile ambalo Desemba 2010 lilivunjavunja dunia ya awali, likawa sababu mojawapo ya watu kudai seva za zamani! Ni kweli waliotaka kubaki walipewa nafasi mwaka 2021. Lakini ukitaka nakala ya mhusika wako ibaki na nyingine isonge, ulilipa. Bei ya kwanza ilikuwa dola 35, makelele yakaishusha hadi 15. Kunakili safu za hifadhidata kwa dola 35, jamani. Kwangu hilo lingekuwa bure, na kusiwe na mhusika hata mmoja anayehamishwa bila mwenyewe kusema ndiyo.

Jagex nao wana kasoro zao. Kila jambo jipya lilihitaji asilimia 75 ya kura, na tangu 2022 ni 70. Kizingiti hicho kinalinda, lakini pia kinafanya watu wawe wachoyo. Ili kufika kiwango cha 99 katika ustadi mmoja unahitaji pointi 13,034,431, na kiwango cha 92 ndicho nusu ya safari (ndiyo, 92, sijakosea). Mtu aliyemaliza safari hiyo hatampigia kura jambo litakalomfikisha jirani yake kwa nusu ya muda. Namwelewa kabisa. Hata hivyo mambo ya roboti na mianya ya wizi hayafai kupigiwa kura, maana huwezi kuwauliza wanaonufaika na mwanya kama uzibwe.

Ila kura hizo hazikuganda kama wengi walivyotabiri. Soko la Grand Exchange halikuwemo kwenye nakala ya Agosti 2007. Watu walisimama nje ya benki wakinadi bidhaa kama makanga wa matatu. Lilikuja 2015, wachezaji wenyewe walipolikubali. Ustadi mpya ndio uliosumbua zaidi: Artisan ulikataliwa 2014, wa kusafiri kwa merikebu ukakataliwa 2015, Warding ukakataliwa 2019. Mwaka 2023 ukaulizwa tena ustadi upi utengenezwe kati ya mitatu, na merikebu ile ile iliyozamishwa 2015 ikashinda. Ilitoka Novemba 2025, ustadi wa kwanza mpya tangu seva ifunguliwe miaka 12 kabla. Kura yangu ilienda kwa Shamanism, ikashindwa. Ada ya mwezi bado nalipa.