Zamu Isiyo na Mpokezi

Minneapolis, Januari 2025

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza garini, injini inawaka, nangoja barafu iyeyuke kwenye kioo. Nyuma ya sauti yako nilisikia upepo wa Lamu na mtu akigonga misumari ya mashua. Ukaniuliza: "Wewe uko kwa wakubwa wa vita. Hebu nambie, vijana wetu watoke Somalia au wakae?" Najua hukuuliza kwa ushabiki wa siasa. Mwanao ameshakwenda mara mbili, na jina lake limetoka tena.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu swali lako si la kujibiwa kwa salamu mbili na kwaheri. Nianzie kazini kwangu.

Unajua nauguza wazee, zamu ya usiku. Saa moja asubuhi anayenipokea akifika, hatuanzi na habari za nyumbani. Tunafungua kabati la dawa kali za maumivu, yeye anasoma daftari, mimi nahesabu kidonge kwa kidonge, kisha wote wawili tunatia sahihi. Hesabu isipolingana, hakuna anayevaa koti. Halafu tunapita kitanda kwa kitanda: huyu hakulala, huyu amekataa uji, yule usimwache ainuke peke yake.

Mwaka juzi dhoruba ya theluji ilifunga barabara na mpokezi wangu hakufika. Kuwaacha wagonjwa bila mtu ni kosa la kukupotezea leseni, kwa hiyo nikakaa. Kufika saa ya 14 mikono ilikuwa inatetemeka. Saa ya 16 nilimpelekea bibi mmoja dawa za jirani yake; nilishtuka kikombe kiko mdomoni pake. Tangu siku ile najua mambo mawili. Anayeondoka bila kukabidhi ana hatia. Na anayekaa kupita nguvu zake huwa hatari kwa wale wale aliobaki kuwalinda.

Sasa twende Somalia.

Mwanzo wake unaukumbuka kuliko mimi, maana ulianzia kwenye maji yenu. Septemba 2011 watekaji walikuja kwa boti Kiwayu, Oktoba wakaja Manda, kisha Wahispania wawili wa misaada wakachukuliwa Dadaab. Oktoba 16 jeshi letu la Kenya lilivuka mpaka kuwaandama Al-Shabaab, na operesheni ikaitwa Linda Nchi. Mwaka uliofuata Kismayo ikatekwa, na askari wetu wakaingizwa katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Nchi ikalindwaje? Westgate watu 67 waliuawa mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Garissa, 148, mwaka 2015. Katikati yake wakauawa wa Mpeketoni, jirani zako. Nawe ukakatazwa kuvua usiku miaka mingi, jarife lako likikauka juani, na basi la Lamu likawa haliendi ila kwa msafara wa polisi.

Anayetaka watoke atakwambia: kabla hatujaingia hatukuwa na Westgate. Anayetaka wakae atakujibu: kabla hatujaingia tulikuwa tayari tunatekwa vitandani. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Wakati huo huo AMISOM, iliyoanza 2007, ikageuzwa ATMIS mwaka 2022, na tangu Januari 1 mwaka huu ni AUSSOM, iliyopangiwa kumaliza kazi mwisho wa 2029. Jina la tatu, handaki lile lile. Na kuna posho: askari wa AMISOM aliandikiwa dola 1,028 kwa mwezi, serikali yake ikakata fungu lake. Vita vyenye posho havina haraka ya kwisha.

Anayenipokea zamu asubuhi ni mwanamke wa Kihmong. Baba yake alipigana Laos upande wa Wamarekani, katika jeshi lililoendeshwa kwa siri na CIA. Mei 1975 ndege zilikuja Long Tieng zikabeba wakubwa na familia zao, watu kama 2,500. Waliobaki walitafuta njia kwa miguu hadi mto Mekong. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliobaki pale uwanjani. Ukienda St. Paul, mji pacha wa huu wetu, utakuta Wahmong kwa maelfu: wajukuu wa watu ambao hawakukabidhiwa kwa yeyote.

Afghanistan nayo tuliitazama kwenye televisheni ya ukumbi wa wazee. Februari 2020 Marekani ilitiliana sahihi na Taliban huko Doha. Serikali ya Kabul, iliyotarajiwa kuipokea zamu, haikuwa mezani. Jeshi lake lilihesabiwa watu 300,000, lakini daftarini mlijaa askari hewa, kama vile sisi tunavyokuwa na wafanyakazi hewa. Agosti 15, 2021 Kabul ikaanguka. Siku kumi na moja baadaye bomu langoni mwa uwanja wa ndege liliua wanajeshi 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170. Mzee mmoja aliyepigana Vietnam aliniomba nizime televisheni, akageukia ukutani. Usidhani nasema wangeendelea kukaa. Walikaa miaka 20, na kila mwaka walisema bado kidogo. Hiyo ilikuwa saa ya 16 yao.

Jumamosi nilikwenda Karmel, soko la Wasomali, kunywa chai ya maziwa yenye iliki. Mama anayeniuzia sambusa anazungumza Kiswahili cha Eastleigh, ingawa alikulia kambi ya Ifo, Dadaab. Nilimuuliza swali lako. Alizifunga sambusa, akaikunja karatasi mara mbili, ndipo akasema: "Mkikaa nawachukia. Mkitoka naogopa. Kaka yangu yuko Kismayo. Hiyo siku ya kutoka, nipigie simu usiku wa kuamkia." Nikamwambia sina namba ya jenerali yeyote. Alicheka, lakini chenji yangu aliisahau mkononi mwake.

Hofu yake ina tarehe. Januari 2009 majeshi ya Ethiopia, yaliyoingia mwishoni mwa 2006, yalimaliza kuondoka. Mara tu walipotoka Baidoa, mji uliokuwa makao ya Bunge la Somalia, Al-Shabaab wakauingia.

Na leo tungemkabidhi nani? Wewe umeliona jibu kwa macho kuliko mwandishi yeyote. Mwezi uliopita askari wa serikali ya shirikisho na askari wa jimbo la Jubaland walipigana wao kwa wao Ras Kamboni, ng'ambo tu ya Kiunga, na mamia ya wale wa shirikisho wakavuka hadi Ishakani wakasalimisha silaha kwa Wakenya. Yaani wapokezi wawili wamekuja zamu moja, na wanagombania funguo za kabati.

Lakini jambo linaloniuma zaidi liko upande wetu. Wiki hii imetimia miaka 9 tangu kambi yetu ya El Adde ivamiwe, Januari 15, 2016. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema katika mahojiano kwamba waliokufa walikuwa kama 180, pengine karibu 200. Nairobi ilikana, na haikutoa idadi yake. Mimi siruhusiwi kwenda kulala kidonge kimoja kikipotea. Nchi nzima imelala miaka 9 bila kujua ilipoteza vijana wangapi asubuhi moja.

Basi jibu langu ni hili, mjomba: watoke. Miaka 13 ni zaidi ya zamu mbili, na jeshi la kigeni likikaa hivyo huanza kuwa sehemu ya ugonjwa. Lakini watoke kwa makabidhiano, mji mmoja baada ya mwingine, na ratiba isomwe hadharani. Katiba yetu inataka idhini ya Bunge ili majeshi yaende nje kulinda amani. Bunge hilo hilo lidai kuambiwa ni mji gani, mwezi gani, unapewa nani, na nani amekwenda kuhakikisha kuwa huyo mpokezi yupo kwa miguu yake, si kwa jina daftarini. Liulize pia kuhusu Wasomali waliowakalimania na kuwapikia askari wetu. Hao wakiachwa uwanjani, wajukuu zao watakutana na wajukuu zangu hapa Minneapolis, na sitaki niwe na la kuficha.

Wapo watakaosema kungoja mpokezi ni kisingizio cha kukaa milele. Ni kweli kinaweza kuwa hivyo, ndiyo maana tarehe iandikwe sheriani isisogezwe kila mwaka. Mpokezi naye akiijua saa, hujiandaa. Asipoijua, huendelea kulala.

Mpe mwanao salamu zangu, mwambie nimemuombea. Na mbunge wenu akija barazani, usianze kumuuliza vijana watarudi lini. Muulize El Adde walikufa wangapi, ukae kimya, wazee wote wamsikie akijibu. Asiyeweza kuhesabu alichonacho mkononi hawezi kukikabidhi.

Mpwa wako