Orodha ya Mali ya Mchungaji

Mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Wahusika nawatafuta kila mahali, hata kwenye maisha ya wahubiri wa zamani. Ndivyo nilivyokutana na Mchungaji Jonathan Edwards wa Marekani.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1703. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mchungaji wa mji wa Northampton, Massachusetts, na mahubiri yake yaliwaliza watu kanisani. Karatasi enzi hizo ilikuwa ghali, basi alikusanya barua na stakabadhi kuukuu, akaandikia upande uliobaki mtupu. Hapo nikampenda. Mimi pia naandikia nyuma ya karatasi za mitihani.

Kumbe moja ya karatasi zile ilikuwa hati ya mauziano. Mwaka 1731 Edwards alinunua huko Newport msichana Mwafrika aliyeitwa Venus, mwenye miaka kama 14, kwa pauni 80. Hati haikutupwa. Nyuma yake mchungaji aliandika mahubiri.

Edwards alifariki Machi 1758 huko Princeton, baada ya kuchanjwa ndui. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika ukuu wa chuo. Mali yake ikaorodheshwa na kutiwa bei, kama ilivyo desturi ya mirathi. Kwenye fungu la mifugo wakamwandika kijana mweusi, Titus, pauni 30.

Nilifunga kitabu. Mahubiri mtu huyaandika akijua yatasikilizwa. Orodha ya mali huandikwa mwenyewe akiwa kaburini, hawezi tena kupamba kitu. Nilitaka kumlaani mzee yule, ulimi ukawa mzito. Nilikumbuka orodha niliyoiandika mimi.

Baba alipofariki, nilipewa daftari kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Baba mkubwa akawa anataja, nami naandika: redio moja, cherehani moja, baiskeli, vitanda viwili, mabati 20. Wakati huo msichana wetu wa kazi alikuwa uani, anawapikia watu waliokuja matangani. Alikuwa akimdai marehemu mshahara wa miezi mitano. Nilijua, maana baba aliniambia mwenyewe.

Nikauliza, "Baba mkubwa, na deni la dada je?"

"Mwanangu, wewe andika mali. Hayo mengine tutayazungumza."

Hayakuzungumzwa. Nami sikuuliza mara ya pili. Arobaini ilipokwisha, dada alifunga kanga zake, nikamsindikiza stendi nikiwa nimembebea furushi. Njia nzima hakutaja zile fedha. Mimi nilizungumzia mvua.

Titus aliandikwa pamoja na wanyama. Dada hakuandikwa popote, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Eti ndiye mimi ninayetaka kuandika riwaya za wanyonge!

Daftari lile bado ninalo. Juzi nililifungua, chini ya mabati nikaandika neno "Madeni", halafu jina lake na miezi mitano. Cherehani nimeiuza kwa ruhusa ya mama. Jumamosi napanda basi kwenda kijijini kwao.