Je, Mshana ni Smith?

Katika majina ya ukoo ya Kiingereza, Smith halina mpinzani kwa wingi. Ndilo la kwanza Uingereza, ndilo la kwanza Uskoti na Australia, na katika sensa ya Marekani ya mwaka 2010 watu 2,442,977 waliandikwa kwa jina hilo. Jina lenye wenyewe wengi kiasi hicho hudhaniwa kuwa halina la kueleza. Mimi nimelazimika kulichunguza kwa sababu ya nyumbani: mtoto wa kaka yangu anataka kulichukua.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa smið, nalo lilimtaja fundi, hasa mfua chuma, ingawa hata fundi wa mbao aliweza kuitwa hivyo. Karne zilivyopita maana ikapungua upana, ikabaki kwa wahunzi. Kabla ya Wanormandi kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Watu walipoongezeka, na makarani wa kodi walipotaka kumtenga John huyu na John yule, ikawa lazima kuongeza neno la pili: jina la baba, la mahali, la umbile, au la kazi. Kodi ya kichwa iliyotozwa mwaka 1377, 1379 na 1381 iliacha orodha ndefu za majina ya namna hiyo. Kufikia mwaka 1400 hivi, familia nyingi za huko zilikwisha kuwa na jina la kurithi, hata kama mwana hakuifuata kazi ya baba.

Sasa jiulize, msomaji: kwa nini mhunzi ndiye aliyezaa jina kubwa kuliko yote, ilhali waliokuwa wengi vijijini ni wakulima? Jibu limo katika kazi ya jina. Jina hutenganisha. Katika kijiji ambacho kila mtu ameshika jembe, kusema "John mkulima" ni kutosema kitu. Mhunzi alikuwa mmoja, au wawili, na kila mtu alimhitaji: kwa jembe, kwa mundu, kwa chuma cha kwato za farasi. Basi kila kijiji kikamzaa Smith wake. Naomba jambo hilo lishikwe, kwa kuwa nitalirudia: Smith wa kijiji hiki hakuwa na nasaba na Smith wa kijiji kile. Walifanana kazi, damu walikuwa mbali.

Mataifa mengine nayo yalifanya vivyo hivyo. Mjerumani ana Schmidt, Mpolandi ana Kowalski, Mrusi ana Kuznetsov, Mhungaria ana Kovács, Mfaransa ana Lefebvre, Mwitaliano ana Ferrari. Mwarabu ana Haddad, jina ambalo watu wa pwani yetu wanalijua kutokana na Ratibu ya Haddad inayosomwa misikitini. Wote hao, ukiwarudisha kwenye asili ya neno, utawakuta mbele ya moto wakiwa na nyundo mkononi.

Kijana wetu anaishi Birmingham, mji uliojipatia sifa kwa kazi za chuma na shaba. Ameniandikia kwamba barua zake za kuomba kazi hazijibiwi, huku mwenzake mwenye shahada ile ile na jina la Kiingereza akiitwa kwenye usaili mara kwa mara. Mkewe ni mjamzito. Hataki mtoto wake naye aje asimame nje ya mlango huo huo. "Baba Mdogo," aliandika, "sikimbii kwetu. Nalitafsiri tu jina. Maana ni ile ile."

Jina letu ni Mshana. Kwa wasioujua ukoo huu, Washana ni watu wa Upare, kaskazini mashariki mwa Tanzania, na sifa yao ya tangu kale ni uhunzi. Masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria Isaria Kimambo yanaeleza kwamba ndio waliotawala Ugweno kabla ya Wasuya kuutwaa utawala. Chuma cha Ugweno kilivuka hadi Uchaga. Kwa hiyo kijana hakubuni. Mpare akisikia Mshana, nyuma ya jina hilo yupo mvukuto, ipo fuawe, lipo koleo.

Wala hatakuwa wa kwanza. Wajerumani wengi waliohamia Marekani walikuwa Schmidt wakageuka Smith, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ulipokuwa jambo la kushukiwa. Siwezi kuwaita waoga watu waliotaka kuishi kwa amani. Lakini katika sensa ile ile ya 2010, zaidi ya mmoja kati ya kila watano wenye jina Smith walijitambulisha kuwa Weusi. Wengi wao ni wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa na kuporwa majina yao. Wamelibeba jina hilo kwa heshima, wamelifanya lao. Hata hivyo halitawaambia kamwe bibi yao alitoka kijiji gani.

Hapo ndipo ninapoona tafsiri ya kijana inavuja. Smith hutaja kazi, ikanyamaza kuhusu watu. Mshana hutaja watu, na kazi ikafuata nyuma yao. Wakikutana akina Smith wawili katika garimoshi, hawana la kuulizana. Wakikutana Washana wawili katika daladala la Dar es Salaam, wataulizana: wa wapi, wa nyumba ya nani? Kabla ya kushuka watakuwa wameshajua nani amwamkie nani shikamoo, na kama vijana wao wanaweza kuoana.

Tena kazi yenyewe imetutoka sote. Baba yangu alikuwa mwalimu. Mimi nyundo yangu ni ya kupigilia misumari ya picha ukutani. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia mmoja wa Marekani alikwenda Kagera kuwauliza wazee wa Kihaya namna chuma kilivyoyeyushwa zamani, nao wakamjengea tanuri kwa kukumbuka, kwani chuma cha kununua kilikuwa kimeizima kazi hiyo miaka mingi. Jina la mtafiti huyo ni Peter Schmidt. Mwenye jina la mhunzi alikuja kuuliza uhunzi! Kazi inapoondoka ndani ya jina la kazi, husalia sauti. Inapoondoka ndani ya jina la ukoo, husalia ndugu.

Nyinyi watunzi mnalielewa hili upesi. Mnajua kwamba ubeti unaweza kutafsiriwa maana yote ikafika, na bado vina vikabaki ng'ambo ya mto. M-sha-na ni mizani tatu, kila moja inasimama kwa miguu yake. Smith haikai katika mshororo wetu mpaka tuifanyie i ya mwisho, na tukiifanyia, si ya Waingereza tena wala si yetu.

Nilimjibu kijana bila kumlaumu. Mimi nakula kwangu. Mlango uliofungwa Birmingham haufunguki kwa hoja za baba mdogo. Nilimwambia kwamba sheria ya huko inamruhusu mtu mzima kubadili jina, na kwamba akiliandika Smith kwenye barua zake za kazi, nitaendelea kumwita mwanangu. Nilimwomba jambo moja: katika majina ya mtoto, Mshana liwemo, hata likiwa la katikati.

Juzi ameniletea ujumbe mfupi. Hakutaja Smith. Aliuliza babu wa babu yake aliitwa nani, na fuawe yake ilikuwa upande gani wa Ugweno. La kwanza nalijua. La pili nimempigia shangazi yangu aliyebaki huko, naye ameahidi kumuuliza mzee mmoja wa jirani Jumapili hii.

Nawe, msomaji, katika lugha ya kwenu, mhunzi ameacha jina gani? Na wanaolibeba, je, wanajuana?