Mto Lukuga, Mlango wa Ziwa Letu

Huku kwetu Pepa, juu ya milima ya Marungu, mvua huanza mwezi wa Oktoba, nayo hunyesha hata Aprili. Maji yake huteremka kwa mito kama Mulobozi, umwagao ziwani karibu na Moba. Basi ziwa Tanganyika, lipokealo maji ya pande zote, latolea wapi? Lina mlango mmoja tu, ndio Mto Lukuga, hapo Kalemie.

Mlango huo una tabia ya ajabu. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliufikia, akasema maji ya ziwa hutokea hapo. Mwaka 1876 Stanley akakuta matope na mafunjo yameuziba. Mabishano yakawa makubwa huko Ulaya. Lakini ziwa lilikuwa likipanda polepole, na yapata mwaka 1878 likakivunja kizuizi. Mwaka uliofuata mmisionari Hore aliyaona maji yakienda kwa nguvu. Sababu si fumbo. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika hunyonywa na jua, na kidogo tu hupita Lukuga. Mvua zikipungua miaka mingi mfululizo, ziwa hushuka, mto hukosa nguvu, na matope ya vijito pamoja na majani hujenga ukuta mlangoni.

Ukiwa mzima, Lukuga huenda magharibi yapata kilomita 320, ukaingia Lualaba kaskazini ya Kabalo. Reli ya Kabalo ilifuata bonde hilo, ikafika ziwani mwaka 1915.

Turudi milimani. Kiangazi majani hukauka, lakini mabondeni unyevu hubaki, na huko watu hulima maharagwe na viazi. Malisho ya Pepa ni mazuri, tena twayasifu. Ila ng'ombe washukapo kunywa, kwato zao hubomoa kingo, na udongo hufuata maji. Mwitu wa kandokando ya vijito, wenye mizambarau ya porini, wakatwa pia. Humo hukaa chozi mmoja mdogo, aliyepewa jina la Prigogine, asiyejulikana penginepo duniani ila Marungu. Mwitu ukiisha, hana pa kuhamia.

Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda mno, maji yakaingia nyumbani mwa watu wa Kalemie, wengi wakahama. Lukuga ulikuwa wazi, ila mlango wake ni mwembamba kwa maji mengi namna ile.