Stempu na Muhuri

Stempu ikisha kubandikwa na kupigwa muhuri, kazi yake kwa posta imekwisha. Kwa mkusanyaji ndiyo kwanza inaanza. Hapo ndipo ilipo siri ya kuenea kwa mapenzi ya stempu. Uingereza ilipotoa stempu ya kwanza ya kubandika, mwaka 1840, gharama ya barua ilishuka, na mzigo wa malipo, ambao zamani mara nyingi ulikuwa wa mpokeaji, ukawa wa mpelekaji. Barua zilizidi, na kila barua ilileta nyumbani picha isiyodaiwa senti. Kufikia mwaka 1862 albamu ya stempu ilikwisha pigwa chapa Paris. Mfalme George V, ambaye sura yake ilitiwa katika stempu za Tanganyika mwaka 1927, alikuwa mkusanyaji mashuhuri. Mfalme na mtoto wa shule wakawa wenzi wa shughuli moja: walipitana kwa mali, si kwa shauku.

Shauku hiyo ilimpata kijana mmoja wa Kaisho, katika nchi ya Karagwe ya zamani, ambayo Mto Kagera huitenga na Rwanda na Uganda. Alifungua sanduku la bibi yake, akakata pembe za bahasha, akaziloweka, akazibandua stempu na kuzianika juu ya gazeti. Twiga wa 1922 alitangulia. Zikafuata stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanza mwaka 1935. Mwisho za Uhuru wa 1961. Tawala zilipita mbele yake kama wasafiri njiani. Bahasha alizitia jikoni, zikawashia moto.

Jioni bibi aliitaka bahasha ya barua ya mwisho ya babu, aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mto asirudi. Kijana alimwonyesha stempu yake. Ilitaja nchi tatu, wala haikusema barua ilitoka ipi. Muhuri ulikuwa umekatwa: zilisalia herufi mbili za jina la mji.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "babu yako hakuwa na desturi ya kuandika mji wala tarehe. Posta ndiyo iliyomwandikia."

Kijana aliendelea kukusanya, lakini tangu siku ile alihifadhi bahasha nzima. Katika albamu yake ukurasa wa kwanza ulikuwa na stempu moja tu, na kando yake nafasi tupu, kubwa kama bahasha.